Mzee Anavilia Damu Bila Kuumia: Jinsi ya Kutambua na Kutibu Hemofilia ya Ukubwani

Mzee wa miaka 75, aliyewahi kung'olewa meno na kupasuliwa ngiri bila shida yoyote, anaamka na baka jeusi kuanzia kwapani hadi kiunoni. Hakuanguka wala hakugongwa. Siku ya tatu paja limejaa na kukaza kama ngoma, na hemoglobini iliyokuwa 12 sasa ni 7. Nyumbani wameanza kumtazama kwa jicho baya binti anayemlea, kwamba huenda anampiga. Jirani anataja majini. Zahanati imemchoma diklofenaki takoni kwa ajili ya maumivu, na tako nalo limevimba.

Ugonjwa wa kufikiria hapa ni hemofilia ya ukubwani. Ni tofauti na ile ya kurithi inayowapata watoto wa kiume. Kinga ya mwili wa mtu aliyekuwa mzima huanza kutengeneza kingamwili dhidi ya faktori ya nane, mojawapo ya protini zinazogandisha damu. Hupata takriban mtu mmoja au wawili katika kila milioni kwa mwaka. Wengi wamepita miaka 65, wanaume kwa wanawake, na kundi dogo la pili ni akina mama waliojifungua karibuni. Hospitali ya wilaya inaweza kukaa miaka mingi bila kumwona mgonjwa wa hivi, kwa hiyo anapofika hakuna anayelikumbuka jina la ugonjwa wake.

Mahali damu inapotoka panasaidia kutofautisha. Hemofilia ya kurithi hupenda viungo, hasa goti na kiwiko. Hii ya ukubwani huvilia chini ya ngozi na ndani ya misuli, hutoka tumboni, kwenye mkojo na nyuma ya fumbatio (nyuma ya matumbo, karibu na uti wa mgongo), lakini viungo huviacha mara nyingi. Mabaka madogo ya zambarau kwenye mikono ya wazee, yanayotokana na ngozi kukonda kwa umri, si ugonjwa huu: hayazidi, hayaumi na vipimo vya kuganda ni vya kawaida.

Kabla ya kipimo chochote, acha kumtoboa

Agizo la kwanza liandikwe kwa herufi kubwa juu ya faili: hakuna sindano ya msuli. Diklofenaki, vitamini, chanjo, hakuna. Hakuna aspirini, ibuprofeni wala dawa yoyote ya jamii hiyo. Kwa maumivu tumia parasetamoli, na yakizidi, tramadoli au mofini ya kunywa. Uvimbe wa damu usitobolewe kwa sindano wala kupasuliwa kwa kudhaniwa kuwa jipu. Kosa hili ndilo tunaloliogopa kuliko yote. Jeraha la kisu kwa mgonjwa huyu huvuja kwa siku na wiki, na kila kushona upya huongeza matundu ya kuvujia. Katheta ya mshipa mkubwa wa shingoni, ung'oaji wa jino, kipande cha nyama cha uchunguzi, vyote vingoje.

Familia nayo iambiwe waziwazi. Asichuliwe kwa mafuta, asikandwe kwa maji ya moto, asichanjwe chale. Pwani, ambako watu huumikwa chuku wakiumwa misuli, hilo litajwe kwa jina lake, kwa sababu kikombe kimoja cha chuku juu ya paja lililovilia kinaweza kumleta hospitali akiwa hoi. Na mlezi anayeshukiwa kumpiga asafishwe mbele ya wenzake mara tu jibu litakapopatikana. Tusipolisema sisi, hakuna atakayelisema.

Damu ichukuliwe vipi

Vipimo vya mwanzo ni vinne: picha kamili ya damu pamoja na hesabu ya chembe sahani (plateleti), PT na APTT, ambavyo hupima kwa njia mbili tofauti muda wa damu kuganda, na muda wa thrombini, unaopima hatua ya mwisho ya kuganda, kama maabara inaufanya. Sura ya ugonjwa huu ni moja: APTT imerefuka, mara nyingi kwa mara mbili au tatu, na vingine vyote ni vya kawaida. Ukiona PT nayo imerefuka, fikiria warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), ugonjwa wa ini, upungufu wa vitamini K, sumu ya nyoka, au kuganda kwa damu kulikovurugika mwili mzima. Chembe sahani zikiwa chache, hiyo ni njia nyingine kabisa.

APTT ndefu ya uongo ni nyingi kuliko ya kweli, na nyingi huzaliwa kwenye mrija. Tumia mrija wa kifuniko cha bluu wenye sitreti ya asilimia 3.2, ambao ni sehemu moja ya sitreti kwa sehemu tisa za damu. Mrija wa 2.7 ml ujazwe hadi mstari; ukipungua, sitreti inazidi damu na APTT hurefuka bila ugonjwa. Usivute damu kwenye laini ya mshipa iliyosafishwa kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Geuza mrija taratibu mara nne au tano, usiutikise. Ukimaliza, gandamiza mahali pa sindano dakika 10 kwa kutazama saa, wewe mwenyewe, usimwachie mgonjwa.

Plazima, yaani maji ya damu yasiyo na chembe, itenganishwe ndani ya saa 4 kwa kuzungushwa kwenye sentrifuji dakika 15 kwa nguvu ya 1,500 g (mara 1,500 ya mvutano wa dunia). Damu nzima isiwekwe kwenye friji, na isikae juu ya meza hadi kesho yake, kwa kuwa faktori ya nane huoza upesi kuliko wenzake na utampa mtu ugonjwa asiokuwa nao. Kama sampuli inakwenda hospitali ya rufaa, zungusha mara mbili, gawa plazima kwenye vichupa vidogo vya plastiki, gandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri na isafiri ikiwa imeganda. Kwa joto hilo hudumu hadi wiki mbili. Ikiyeyuka njiani na kuganda tena, itupe.

Kuchanganya plazima: kipimo kinachofanyika popote penye APTT

Hapa ndipo maabara ya kawaida inaweza kufika karibu kabisa na jibu bila mashine ya ziada. Mantiki yake ni rahisi. Kama mgonjwa amepungukiwa protini tu, ukimchanganyia plazima ya mtu mzima nusu kwa nusu, APTT inarudi sawa. Kama ana kingamwili, kingamwili zitaila pia faktori ya nane ya yule mtu mzima, na APTT itabaki ndefu.

Tatizo ni kwamba kingamwili hizi hula polepole, tena kwenye joto. Mchanganyiko ukipimwa papo hapo unaweza kusahihika, maabara ikaandika "upungufu wa faktori", na mgonjwa akaenda kupewa plazima isiyomsaidia. Kwa hiyo pima mara mbili, kwa mirija mitatu. Mrija A una 0.5 ml ya plazima ya mgonjwa na 0.5 ml ya plazima ya kawaida. Mrija B una ya mgonjwa peke yake, na C ya kawaida peke yake. Pima A mara moja. Kisha mirija yote mitatu ifunikwe na kukaa saa 2 kwenye nyuzi 37. Baada ya hapo pima A tena, halafu chukua kutoka B na C kwa kiasi sawa, changanya, na upime hapo hapo. B na C zipo kwa sababu faktori ya nane huchakaa yenyewe ikikaa kwenye joto. Bila wao utadhani uchakavu huo ni kazi ya kingamwili.

Tuseme plazima ya kawaida ni sekunde 30 na ya mgonjwa ni 84. Mrija A ulitoa 41 mwanzoni, ukatoa 70 baada ya saa 2, wakati B na C zilizochanganywa mwishoni zimetoa 46. Tofauti hiyo kati ya 70 na 46 ndiyo kingamwili inayokula kwa muda. Plazima ya kawaida iwe mchanganyiko wa watu wengi wenye afya, 20 ikiwezekana; ya mtu mmoja isitegemewe.

Wadanganyifu wawili wabaki akilini. Heparini hurefusha APTT na mchanganyiko pia, lakini muda wa thrombini nao huwa mrefu sana. Kingamwili za lupasi hurefusha APTT tangu dakika ya kwanza, na kwa kawaida saa 2 haziongezi kitu. Mwenye nazo kwa kawaida haivuji damu yake, bali huganda. Uliza pia kuhusu rivaroksabani na dabigatrani, vidonge vya kuzuia damu kuganda, kwa jina la pakiti, kwani wazee wengi huletewa dawa na watoto walio nje na hawajui ni za nini.

Kwenye maabara ya rufaa hupimwa kiwango cha faktori ya nane, ambacho kwa mtu mzima ni asilimia 50 hadi 150, pamoja na faktori ya tisa (IX), ya kumi na moja (XI) na ya kumi na mbili (XII). Kingamwili zikiwa kali zinaweza kuvuruga kipimo hadi zote zionekane zimeshuka. Plazima ikizimuliwa zaidi, IX, XI na XII hupanda, na ya nane (VIII) hubaki chini. Faktori ya von Willebrand, protini inayoibeba ya nane, ipimwe pia, maana ikiwa ndogo nayo huishusha ya nane. Mwisho ni kipimo cha Bethesda: uniti moja ni kingamwili inayoua nusu ya faktori ya nane iliyomo kwenye plazima ya kawaida kwa saa 2 katika nyuzi 37. Toleo lililorekebishwa la Nijmegen ni bora pale kingamwili zikiwa chache.

Namba hizo zinaongoza dawa, lakini hazitabiri nani atavuja. Mwenye asilimia 8 anaweza kufa kwa damu iliyovilia kooni, na mwenye asilimia 0 akatembea na mabaka tu. Mtazame mgonjwa.

Kuizuia damu

Mabaka ya ngozi yasiyoongezeka hayahitaji dawa ya kugandisha. Kinachohitaji ni damu ya tumbo, ya kichwa, ya koo na ulimi, ya nyuma ya fumbatio, msuli unaobana neva au mshipa, na hemoglobini inayoshuka. Chora mpaka wa baka kwa kalamu, pima mzunguko wa paja kwa utepe mahali palepale, na rudia hemoglobini kila saa 6 hadi 12. Vidole vikifa ganzi au kupoa, saa zimeanza kuhesabika. Koo likivimba au sauti ikibadilika, njia ya hewa ndiyo ya kwanza kuliko dawa yoyote.

Plazima ya kawaida na krayo (sehemu nzito inayojitenga plazima iliyogandishwa ikiyeyushwa) havisaidii. Faktori ya nane iliyomo ni ndogo na kingamwili huimaliza kabla haijafanya kazi, huku moyo wa mzee ukizamishwa kwa maji. Damu nyekundu mpe anapoihitaji.

Dawa zenye kazi hapa ni zile zinazoruka hatua ya faktori ya nane. Ya kwanza ni faktori ya saba iliyoamshwa, inayouzwa kwa jina NovoSeven: mikrogramu 90 kwa kilo, kwa mshipa, kila saa 2 hadi 3 mpaka damu isimame, kisha muda urefushwe. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji takriban 5.4 mg kwa kila dozi. Vichupa huwa vya 1, 2, 5 na 8 mg. Ya pili ni FEIBA, mchanganyiko wa faktori za kugandisha ambazo baadhi zimeamshwa: uniti 50 hadi 100 kwa kilo kila saa 8 hadi 12, isizidi uniti 200 kwa kilo kwa siku. Kwa kilo 60, dozi ya uniti 75 kwa kilo ni 4,500, na ukomo wa siku ni 12,000. Zote mbili zinaweza kuleta mgando kwenye moyo, ubongo au mguu, na wagonjwa wetu ni wazee wenye presha na kisukari. Fanya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kabla, uliza maumivu ya kifua kila siku. APTT haikuambii kama dawa hizi zinafanya kazi; usiifukuzie.

Zisipopatikana, na mara nyingi hazipatikani, kuna njia ya akiba kwa mwenye kingamwili chini ya uniti 5 za Bethesda: faktori ya nane ya binadamu kwa wingi. Hesabu ni uniti 20 kwa kilo kwa kila uniti moja ya Bethesda, kisha ongeza 40 kwa kilo. Mwenye kilo 60 na uniti 3 za Bethesda anapewa 100 kwa kilo, yaani 6,000. Pima kiwango dakika 10 baadaye. Kisipopanda, usimalize chupa bure. Kliniki za hemofilia za Tanzania na Kenya hupata dawa za msaada kupitia Shirikisho la Hemofilia Duniani. Piga simu huko siku hiyo hiyo unaposhuku, usisubiri jibu la Bethesda.

Asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia bonge la damu kuyeyuka mapema, gramu 1 mara tatu kwa siku, ni rahisi na ni nzuri kwa damu ya mdomo, pua na tumbo. Iepuke kama anakojoa damu, kwani mabonge huziba mirija ya mkojo, na iache saa 6 hadi 12 mbali na FEIBA. Desmopresini, dawa inayopandisha faktori ya nane ya mwili wenyewe, hatuipendi kwa wazee, kwa sababu hushusha chumvi ya damu hadi kifafa.

Kwa wanaosoma wakiwa Ulaya, Marekani au Japani kuna mengine. Faktori ya nane ya nguruwe, Obizur, iliidhinishwa Marekani mwaka 2014. Kingamwili nyingi za binadamu hazishiki ile ya nguruwe vizuri, na uzuri wake mwingine ni kwamba kiwango chake hupimika. Emisizumabu, sindano ya chini ya ngozi inayoshika nafasi ya faktori ya nane, iliidhinishwa Japani kwa ugonjwa huu mwaka 2022. Anayepewa emisizumabu APTT yake huonekana ya kawaida kabisa wakati kingamwili bado zipo, na asipewe FEIBA nyingi juu yake: migando ya mishipa midogo imeshatokea kwa mchanganyiko huo.

Kuzifuta kingamwili

Kazi hii huanza siku ya utambuzi, hata kwa asiyevuja, kwa sababu kingamwili zikiwepo damu inaweza kutoka siku yoyote. Mpe prednisoloni, dawa ya steroidi inayoshusha kinga, 1 mg kwa kilo kila asubuhi. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2020 yanasema mwenye faktori ya nane ya asilimia 1 au zaidi na kingamwili zisizozidi uniti 20 aanze kwa steroidi pekee, kwa wiki 3 hadi 4. Aliye chini ya asilimia 1 au juu ya uniti 20 aongezewe dawa ya pili mapema: siklofosfamaidi ya kunywa 1.5 hadi 2 mg kwa kilo kwa siku, isizidi wiki 6, au rituksimabu 375 mg kwa kila mita mraba ya mwili, mara moja kwa wiki, mara nne.

Lakini mzee dhaifu mwenye miaka 85 si mzee wa karatasi. Katika ugonjwa huu wanaouawa na maambukizi yaliyoletwa na dawa za kushusha kinga ni wengi kuliko wanaouawa na damu yenyewe. Kwake sisi huanza na steroidi pekee hata namba zikiwa mbaya, tukaangalia wiki 3. Siklofosfamaidi inadai hesabu ya damu kila wiki. Nyutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu) zikishuka chini ya 1.0 × 10⁹ kwa lita, simamisha.

Kabla ya dozi ya kwanza, au angalau wiki ile ile, pima VVU, homa ya ini B (antijeni ya juu na kingamwili ya kiini, hasa kabla ya rituksimabu), sukari, na eksirei ya kifua. Uliza kikohozi, jasho la usiku na kupungua uzito. Strongiloidi ni mnyoo unaoweza kuishi kimya tumboni miaka 30 na kulipuka mwili mzima ukimpa mtu steroidi. Mpe ivermektini mikrogramu 200 kwa kilo, isipokuwa kwa aliyeishi kwenye misitu ya Kongo yenye minyoo ya loa, ambaye apimwe kwanza. Kotrimoksazoli 960 mg mara tatu kwa wiki huzuia nimonia ya nyemelezi. Sukari ipimwe alasiri: prednisoloni ya asubuhi huipandisha baada ya chakula cha mchana, na kipimo cha alfajiri kitakuambia kila kitu ni salama.

Chanzo kitafutwe bila kisu. Karibu nusu ya wagonjwa hawana kinachopatikana. Wengine wana saratani (tezi dume, mapafu, utumbo, damu), baridi yabisi, lupasi, au malengelenge ya pemfigoidi ya wazee. Mtazame ngozi yote, pima tezi dume, fanya altrasaundi ya tumbo. Ukikuta uvimbe, ungoje faktori ya nane ipande ndipo utoe kipande.

Kupona, na kurudi kwa ugonjwa

Pima faktori ya nane kila wiki. Wengi huanza kupanda kati ya wiki ya 3 na ya 6. Ikifika asilimia 50 bila damu mpya, anza kupunguza prednisoloni taratibu kwa wiki kadhaa. Hapo pia hatari inageuka upande: faktori ya nane huweza kupita kiwango cha kawaida kwa mzee aliyelala kitandani mwezi mzima, na mguu ukaganda damu. Mwinue kitandani, na fikiria heparini ya kinga. Kama alikuwa na sababu ya kweli ya kutumia aspirini, huu ndio wakati wa kuijadili.

Ugonjwa hurudi kwa takriban mmoja kati ya watano au kumi, mara nyingi steroidi zinapopunguzwa au miezi michache baada ya kuachwa. Kwa hiyo faktori ya nane, au APTT pale isipopatikana, ipimwe kila mwezi kwa miezi 6, kila baada ya miezi 2 au 3 hadi mwaka utimie, kisha kila miezi 6.

Mpe kadi ya kubeba mfukoni, iliyoandikwa kwa Kiswahili, yenye jina la ugonjwa, namba ya simu ya kliniki na maneno haya: asichomwe sindano ya msuli, asing'olewe jino, asipasuliwe kabla ya APTT kupimwa. Nakala moja ibaki kwa yule anayelala naye nyumba moja, na kwa mdomo aelezwe dalili tatu za kumrudisha hata usiku wa manane: baka jipya lisilo na sababu, choo cheusi kama lami, na kichwa kinachouma kwa namna ambayo mzee hajawahi kuisikia.